Umbali wa Safari ya Ndege na Hesabu ya Saa Zake

Mtu wa Kitale au wa Bungoma ajitayarishaye kusafiri kwa ndege huuliza mambo mawili: Ni mbali kiasi gani? Na safari ni ya saa ngapi? Yafaa majibu yaeleweke vizuri, kwa maana asiyeyaelewa aweza kuachwa na ndege, na nauli yake ikapotea.

Umbali wa ndege hupimwa kwa mstari ulionyoka. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni yapata kilomita 330, na kutoka Bungoma ni karibu sawasawa. Barabara ni ndefu zaidi, kwa kuwa huzunguka milima na mabonde. Ndege iendayo kilomita 450 kwa saa humaliza umbali huo kwa dakika 45 hivi. Lakini kupanda, kushuka na kutembea uwanjani huongeza muda, hata safari ikawa ya saa moja. Naye mtu wa Bungoma apandaye ndege Kitale sharti ahesabu pia safari yake ya gari, kwani miji hiyo imeachana kilomita zipatazo 70.

Safari ndefu zina hesabu nyingine. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Marekani, umbali wa kilomita 11,800 hivi. Kwenda ni saa 15 hivi, na kurudi ni kama 14. Sababu ni upepo wa juu sana uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki: huizuia ndege iendayo na kuisukuma irudiyo.

Tena, saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8 wakati wa baridi, na 7 wakati wa joto. Basi, wakati wa baridi, aondokaye Nairobi saa sita usiku hufika huko saa moja asubuhi kwa saa za kule. Tiketi huonyesha kana kwamba amesafiri saa 7 tu, kumbe ni 15.

Jambo la mwisho ndilo huwaponza wengi. Saa za tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane. Kwa hiyo 08.00 ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Namba za 07 hadi 18 zipunguzwe sita. Za 19 hadi 23 zipunguzwe kumi na nane. Na za 00 hadi 06 ziongezwe sita. Tiketi ikisema 00.30 tarehe 12, maana yake ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri na awe uwanjani jioni ya tarehe 11, kwani akingoja jioni ya tarehe 12 ataambiwa kwamba ndege yake iliondoka tangu usiku uliopita.