Binti wa mgodi anataka kusoma fizike: kazi iko wapi?

Mwezi uliopita, mwisho wa mkutano wa sendika hapa Kolwezi, baba mmoja alibaki nyuma, kofia mkononi. Ni shofere wa kamyo kubwa za mgodi, miaka kumi na tatu sasa. Binti yake amepata diplome ya Serikali, upande wa math-fizike, na anataka kwenda Lubumbashi kusoma fizike kwenye universite. Nyumbani ni fujo. Mama anasema: "Fizike ni ya kufundisha tu, na mwalimu anakulaka nini?" Mjomba anataka mtoto asome sheria. Baba alituuliza paka neno moja: "Ninyi munaingiaka ofisi za kampuni zote. Muliisha kuona kule muntu wa fizike?"

Tulimujibu mbio mbio kama hapana. Kisha, njiani kwa kurudi nyumbani, tulianza kuhesabu, na tukaona kama tulimudanganya.

Ni kweli, hatukuona hata siku moja mlango wenye kuandikwa "fizike". Matangazo ya kazi yanatafuta enjeniere, yanatafuta jeologe, yanatafuta fundi wa umeme. Lakini kazi yenyewe ya fizike iko kila fasi mgodini, imevaa jina la mwingine.

Tuanze na ile inagusa mfuko. Kila krezere mwenye kupita Musompo anajua Metorex. Ni kale kamashine kenye sura ya bastola: mnunuzi anakagusisha kwenye jiwe, sekunde chache, namba inatoka, na ile namba njo bei. Hakuna uchawi ndani. Mashine inatuma rayoni X kwenye jiwe, na kila aina ya madini inarudisha rayoni yenye nguvu yake: shaba na yake, kobalti na yake, chuma na yake. Mashine inahesabu zile zinarudi. Ile njo fizike, wazi kabisa.

Mwaka jana kikundi kimoja cha wachimbaji kilituletea malalamiko: mfuko mmoja, depo mbili, namba mbili zenye kuachana mbali. Sisi tulitaka kupiga kelele, tumezoea. Lakini kijana mmoja wa mtaa wetu, mwenye lisansi ya fizike na mwenye kuuza unite za telefone pembeni ya barabara kwa kukosa kazi, alituambia tungoje kwanza. Alimwaga mfuko wote juu ya hema, akaanika mawe mpaka yakakauka, akayasaga, akachanganya ule unga, akafanya kilima, akakigawanya mafungu ine, akaondoa mawili, akachanganya tena yenye kubaki, na vile vile mpaka ikabaki kiasi cha kopo. Kopo ile ikaenda labo, tukachanga feza ya kulipa.

Wakati wa kungojea alitufundisha. Ile mashine inaona paka ngozi ya jiwe, haifiki ndani. Jiwe linaweza kuwa kijani nje na tupu katikati. Maji yanashusha namba. Na mashine yoyote lazima ijaribiwe kila mara juu ya unga wenye kiwango chake kinajulikana mbele; kwenye depo ile, tulipouliza unga ule, waliangaliana. "Mashine haisemi bongo," kijana alituambia, "ni muntu anaiuliza mubaya."

Tulirudi depo na karatasi ya labo. Hawakuomba musamaha. Lakini tangu siku ile, kwa kikundi kile, wanakausha na kusaga mbele ya kupima. Kwa vikundi vingine, bado. Sisi wenyewe tulibaki na haya kidogo: miaka mingapi tunapigania bei kwa mdomo, na mwenye kujua dawa alikuwa anatuuzia unite.

Ya pili inagusa mwili. Wale wanatumika kwenye viwanda vya kuosha madini wanajua mabomba yenye kupitisha matope ya madini. Juu ya mabomba mengine kuna kisanduku kizito chenye alama ya manjano na mabawa matatu meusi. Ndani mara nyingi ni seziumu 137. Upande mmoja wa bomba inatuma rayoni, upande mwingine kuna mashine ya kuzipokea. Matope yakiwa mazito, rayoni chache zinapita, na vile wanajua uzito bila kufungua bomba. Ni kitu kizuri kikichungwa. Kisanduku kina kifuniko chake, na mbele ya fundi kukata bomba au kuingia ndani ya tanki, lazima kifungwe, kipigwe kufuli, na mtu apime na mashine kama kimefungwa kweli. Nguvu ya seziumu inapunguka nusu kwa miaka 30 hivi. Usifikiri kisanduku cha zamani kimekufa. Tuliisha kukuta mfundi wa kusude ameegemea kisanduku kile anakula mkate, hakuna mwenye alimuelezea kitu. Mwenye kazi ya kumuelezea ni mchungaji wa rayoni, na kazi ile inamfaa sana mtu wa fizike.

Tena udongo wetu wa Katanga uko na uraniumu. Wote tunajua Shinkolobwe, kwenye serikali ilikataza kuchimba tangu mwaka 2004. Lakini uraniumu haikai Shinkolobwe peke yake. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya hapa Kolwezi ilisimamisha kuuza kobalti yake nje juu ya uraniumu yenye ilipatikana ndani. Na chini ya ardhi, uraniumu inazaa hewa yenye haina harufu, radoni, yenye kuharibu mapafu kama vantilasio ni mbaya. Mtumishi anayefanya kazi na rayoni hapashwi kupita milisiverti 20 kwa mwaka, tukihesabu katikati ya miaka mitano. Raia wa kawaida ni 1 tu. Uliza delege wako: nani anapima ya kwako? Dozimetre ile ya kifuani, karatasi ya matokeo umeiona hata mara moja?

Kuna zingine, tutazitaja tu: radari ya kuchunga ukuta wa shimo usianguke, mashine ya kupima mutetemeko wa mine wakati nyumba za cité zinapasuka, kupima kelele, kutafuta madini chini ya ardhi bila kuchimba. Inje ya mgodi kuna Kinshasa, kwenye kituo cha nguvu za atomi chenye kiko na mashine ya Trico tangu 1959, na kuna komite ya Serikali ya kulinda watu na rayoni. Hospitali zenye kuponyesha kansa kwa rayoni zinahitaji mtu wa fizike wa kuhesabu kiasi.

Sasa tuseme na ubaya wake. Diplome ya fizike peke yake haifungue mlango. Mwenye kupokea dossier kwenye kampuni anaona neno "fizike", anaweka chini ya meza. Kijana wetu aliandika barua nyingi vile. Siku alibadilisha, akaandika mbele yale anajua kufanya, kupima kwa rayoni X, kutayarisha sampuli, kuhesabu makosa ya mashine, labo moja ikamuita kwa staji. Staji, si kazi bado. Kwa hiyo mwanafunzi atafute staji tangu mwaka wa pili, asingoje kumaliza. Ajifunze kiingereza, maana vitabu vya mashine hizi viko vile. Na sheria ya 2017 inaweka kazi za sous-traitance mikononi mwa kampuni za Wakongomani: watatu wane wanaweza kujiunga wafungue kampuni yao ya kujaribu mashine na kupima rayoni, badala ya fundi kutoka inje na ndege kwa siku mbili.

Tena, mama, mwalimu wa fizike usimucheke. Mshahara ni kidogo, tunajua, na unachelewa. Lakini sisi tuliishia kwenye diplome ya Serikali, na ile kidogo tulielewa siku ya hema na kilima cha unga, tuliielewa juu mwalimu mmoja alitufundisha, zamani, bila hata chaki ya kutosha.

Tulirudi kwa yule baba na haya yote. Alisikiliza, akauliza bei ya chumba Lubumbashi. Kwa mpango mpya lisansi ni miaka mitatu, zamani ilikuwa mitano na graduat ndani. Ile ilimutuliza kidogo. Mama bado hajakubali. Lakini tangu majuma matatu, siku ya posho saa nane, kijana wa unite anafundisha madelege wetu kusoma karatasi za labo na za dozimetre, kwenye nyumba ya sendika. Tulihesabu madelege kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ni binti, ameketi mbele, na mara ya mwisho njo yeye aliona kosa kwenye hesabu ya mwalimu.