Mtihani wa sekunde za mwanzo tarakilishi inapowashwa

MTU anapobonyeza swichi ya tarakilishi, skrini hubaki nyeusi kwa muda mfupi kabla ya maandishi ya kwanza kujitokeza. Wengi huuona muda huo kuwa wa kungoja tu. Kumbe hapo ndipo mfumo endeshi hulazimika kugawa kumbukumbu ya mashine ilhali sehemu yake inayosimamia ugavi huo haijawa tayari.

Hali hiyo ni sawa na ya mtunza ghala anayehitaji daftari la kuorodhesha rafu zote, lakini daftari lenyewe lazima kwanza lipatiwe rafu.

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa mnamo 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, Ufini, na ambao leo ndio kiini cha simu za Android, kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na programu iitwayo bootmem. Mnamo 2010 ikaingizwa nyingine, memblock, na kufikia toleo la 4.20 la Desemba 2018, bootmem ilikuwa imeondolewa kabisa.

Memblock huweka orodha mbili: moja ya kumbukumbu yote iliyopo, nyingine ya sehemu zisizopaswa kuguswa, mathalani pale kiini chenyewe kilipokaa. Mambo yakishatulia, sehemu zilizo huru hukabidhiwa msimamizi wa kudumu zikiwa zimegawanywa katika kurasa, ambazo katika tarakilishi nyingi za kawaida huwa za baiti 4,096 kila moja.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi. Ugumu huanza mtu anapotaka kuyabadilisha.

Mapema mwaka wa 2021, toleo la 5.11 likikaribia kukamilika, liliingizwa badiliko la kurekebisha jinsi mfumo unavyoandaa kumbukumbu za kurasa zinazoangukia kwenye mapengo, yaani anwani zisizo na kumbukumbu halisi. Nia ilikuwa njema na kasoro iliyolengwa ilikuwa ya kweli. Lakini mwanzoni mwa Februari wapimaji waliripoti kwamba takriban mashine sita za aina tofauti zilikuwa zikikataa kuwaka, tena kimyakimya.

Ukimya huo ndio adui mkubwa wa wahandisi wa nyanja hii. Programu ya kawaida ikianguka huacha ujumbe wa kueleza kilichoisibu. Kosa la kumbukumbu katika hatua hizi laweza kuiua mashine kabla skrini haijaweza kuandika herufi moja.

Wapimaji basi hulazimika kumsaka mhalifu kwa kugawa nusu kwa nusu. Huchukua toleo lililowaka na lile lililokataa, wakajaribu la katikati, kisha wakaigawa tena nusu yenye kosa. Kwa njia hiyo, mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama 10 pekee kumpata mmoja aliyeharibu.

Kidole kilipoelekezwa kwenye badiliko hilo, Torvalds aliliondoa ingawa chanzo hasa cha hitilafu kilikuwa bado hakijajulikana. Huenda uamuzi huo ukaonekana wa pupa, ila ulikuwa wa busara: kasoro ya zamani iliwaathiri wachache, ilhali mashine isiyowaka haimfai yeyote. Toleo la 5.11 likatolewa Februari 14 bila badiliko hilo.

Je, wakaguzi walilala? La. Msimbo waweza kusomwa na macho mengi na kujaribiwa katika mashine za kuigizwa kama QEMU, ukapita. Mashine za kuigizwa, hata hivyo, zina adabu. Zile halisi huja na programu za kiwandani ambazo nyakati nyingine hutoa ramani ya kumbukumbu isiyo kamili, au huandika mahali zilipokwisha kukabidhi kwa mfumo endeshi.

Kwa sababu ya tabia hiyo, katikati ya mwaka huo wa 2021 Linux iliamua kutoitumia kabisa megabaiti 1 ya kwanza katika mashine za jamii ya x86, badala ya kilobaiti 64 zilizokuwa zikitengwa kwa kawaida. Katika tarakilishi yenye gigabaiti 4, hiyo ni sehemu 1 tu kati ya 4,096.

Nalo suala la mapengo liliandikwa upya kwa mpangilio tofauti, likakaguliwa na kupimwa tena, na kuingizwa katika toleo la 5.12 lililotoka Aprili 2021.