Uteuzi wa Gasketi ya Silinda Hedi kwa Injini ya 1HZ Iliyofungwa Tabochaja katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Makala haya yanafafanua uteuzi wa gasketi ya silinda hedi kwa injini ya dizeli iliyoongezewa nguvu. Mfano ni Toyota 1HZ, injini ya magari ya Land Cruiser yanayobeba watu na vifaa kuelekea machimboni. Ina silinda sita zenye kipenyo cha milimita 94, mwendo wa pistoni wa milimita 100 na uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Iliundwa kuvuta hewa yenyewe. Inapofungwa tabochaja, shinikizo la mwako hupanda na mzigo huangukia gasketi pamoja na boliti zinazoibana.

Ipo dhana kwamba gasketi nene hupunguza mgandamizo na hivyo kuiokoa injini. Hesabu haiiungi mkono. Kila silinda ina ujazo wa takribani sentimita za ujazo 694, na nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni kama 32.4. Unene ukiongezwa kwa milimita 0.1, nafasi hiyo hupata 0.7 tu, na uwiano hushuka hadi karibu 22. Unene huteuliwa kwa sababu nyingine: kiasi ambacho pistoni hutokeza juu ya uso wa bloku. Bloku ikichongwa, pistoni hutokeza zaidi, na gasketi iliyokuwa sahihi jana huweza kuruhusu pistoni kugonga hedi.

Kuhusu malighafi, gasketi ya tabaka za chuma huhimili shinikizo kubwa kuliko ya nyuzi zilizoshindiliwa. Hata hivyo, hudai uso ambao wastani wa mikwaruzo yake hauzidi takribani mikromita 0.8, na msasa wa mkono haufikishi huko. Ya nyuzi husamehe zaidi. Mahali ambapo mashine ya kuchonga iko mbali, gasketi bora ya nyuzi na tabochaja iliyopunguzwa nguvu ni uamuzi wa busara kuliko chuma juu ya uso mbovu. (Shaba huhimili pia, lakini huweza kuvujisha maji isipozibwa vizuri.)

Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka, pamoja na vumbi lililoziba mapezi, hupindisha hedi, na hedi iliyopinda hupasua gasketi yoyote. Mfuniko huo hubadilishwa siku ileile gasketi inapofungwa.