Makaa Yasiyo na Moshi si ya Kulala Nayo

"Kwa kuwa hayatoi moshi, si naweza kulala nayo?" Swali hili hurudi kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, popote wanagenzi wa mauzo wanapotandaza briketi zao: Molo, Mau Narok, Dundori, hadi kwenye ploti za Kaptembwa na Rhonda mjini Nakuru. Simkasirikii anayeuliza. Ninayemkasirikia ni kijana aliyevaa fulana ya kampuni anayemjibu, "Ndiyo mama, haya ni safi kabisa."

Vijana hawa huja kwenye mafunzo ya nyanjani wakiwa wamejiandaa kwa swali jingine. Nakuru ndiko kulikoanzishwa NAWASSCOAL, kampuni tanzu ya shirika la maji la NAWASSCO, inayotengeneza briketi za mviringo kwa tope la vyooni na vumbi la mbao. Kwa hiyo kila muuza briketi hapa huulizwa kama zinanuka. Hilo ni swali jepesi. Tope hukaushwa, huchomwa tanuuni, husagwa na kushikanishwa kwa molasi. Harufu na vijidudu huishia kwenye moto. Washa jiko mbele ya mteja, asogee anuse, mambo yamekwisha.

Shida iko kwenye maneno mawili ambayo mwanagenzi hukaririshwa siku ya kwanza: hayatoi moshi, na yanakaa muda mrefu. Yote mawili ni kweli. Yakikutana ndani ya chumba kilichofungwa, yanaua.

Moshi ni mvuke wa kuni usiopata kuungua. Makaa na briketi zilizopitia tanuuni zimekwisha kutolewa sehemu kubwa ya mvuke huo, ndiyo maana hazifuki. Iliyobaki ni kaboni, na kaboni ikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha hata macho. Moshi wa kuni angalau humkohoza mtu akaamka akafungua dirisha. Gesi hii humwacha amelala. Ikishaingia damuni hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mapafu yakiendelea kupumua. Nayo briketi, ikifunikwa na jivu lake na kuungua polepole, huendelea kuitoa saa nyingi baada ya watu kufunga mlango na kuziba nyufa za dirisha kwa matambara.

Wengi hunijibu kwamba wao huwasha jiko nje, na makaa yakiwa mekundu ndipo hulileta ndani. Kilichoisha nje ni moshi tu. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa gesi.

Halafu kuna beseni la maji, na hili nataka lizikwe kabisa. Huwekwa kando ya jiko ati linyonye sumu. Asubuhi mtu hukuonyesha utando juu ya maji kama ushahidi. Utando huo ni vumbi la jivu. Kaboni monoksaidi haiyeyuki majini ila kidogo mno, na gesi iliyotapakaa chumba kizima haina sababu ya kujipeleka yenyewe kwenye beseni. Wala haitui sakafuni: uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, hivyo kumlaza mtoto kitanda cha juu hakumwokoi. Chumvi inayonyunyizwa kwenye makaa hubadilisha rangi ya moto, basi. Kitunguu kilichokatwa hakifanyi lolote. Na maziwa anayonyweshwa aliyezidiwa ni hatari ya pili: sumu iliingia kwa mapafu, maziwa yanakwenda tumboni, na mtu aliyepotewa na fahamu yanaweza kumpalia akafa nayo. Nimechoka kusikia beseni hili likipendekezwa na watu waliosoma, wengine wakiwa wamesimama nyuma ya meza ya mauzo.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, ndiyo maana wengi huisingizia malaria. Kama mmeota moto na kichwa kinawauma wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja, kisha hospitali, mwombe oksijeni. Msisubiri kupambazuke.

Mengine ni mafupi. Pika penye hewa inayopita, mlango na dirisha vikiwa wazi. Kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama limebaki jivu. Kwenye jivu ndiko makaa hujificha. Baridi ya usiku ikabiliwe kwa blanketi, soksi na chupa ya maji moto. Mwenye ng'ombe wawili wa zizini aulizie biogesi ya kupikia, ila nayo na mtungi wa gesi vinahitaji dirisha. Kengele ya kugundua kaboni monoksaidi ipo madukani. Mwenye nyumba za kupangisha anaweza kuinunua.

Nanyi wanagenzi, mteja akiuliza kama anaweza kulala nayo, jibu ni hapana, kabla hajamaliza kuuliza. Onyo liandikwe mbele ya mfuko, kwa herufi kubwa kama zile za "bila moshi". Msimamizi akikataa kwa kuhofia mauzo yatashuka, rudini chuoni mwombe kupelekwa kwingine.