Kanuni ya Hesabu na Fumbo la Imani



Watoto wetu hapa Kaliua hufundishwa kwamba ukitaka kugawanya kwa sehemu, geuza sehemu hiyo juu chini, kisha zidisha. Mtoto akiuliza sababu, mara nyingine hujibiwa: "Kubali tu, ndivyo ilivyo." Je, hesabu nayo ni jambo la kusadiki?

Tutwae mfano wa nyumbani. Mama ana madebe 3 ya mahindi, naye ataka kumpa kila jirani nusu debe. Yatawatosha majirani wangapi? Kila debe lina nusu 2. Basi madebe 3 yana nusu 6. Kugawanya kwa nusu ni sawa na kuzidisha kwa 2. Hiyo ndiyo sababu ya kugeuza. Aliyekariri bila kuelewa, siku akisahau kugeuza, atapata moja na nusu, wala hatashtuka. Aliyeelewa atatambua mara moja kwamba jibu halina budi kuzidi 3. Kesho mtoto huyo atasimama kwenye mizani ya tumbaku. Asiyeweza kukagua hesabu yake mwenyewe, atakaguaje ya mnunuzi?

Hatudharau kukariri. Kila mtoto huanza kuhesabu kwa kumwamini mwalimu wake. Lakini asiachwe hapo mlangoni. Fumbo la Utatu Mtakatifu lapita akili zetu, nasi twalipokea kwa kuwa Mungu mwenyewe amelifunua. Kanuni ya hesabu, kinyume chake, mtu yeyote aweza kuithibitisha kwa debe na mahindi. Tena hata imani yenyewe haiogopi maswali: Mtakatifu Anselmi, aliyefariki mwaka 1109, alifundisha kwamba imani hutafuta kuelewa. Naye Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule zikuze akili ya kudadisi.

Basi, walimu na makatekista, mtoto akiuliza "kwa nini?", tusimhesabu kuwa mkaidi. Jibu tusipolijua, tukiri hivyo, tulitafute pamoja naye. Bikira Maria alimwuliza malaika jambo lile litakuwaje, wala hakukemewa. Alijibiwa, ndipo akaitikia. Nasi tuwajibu watoto wetu vivyo hivyo. Amina.