Joto Katika Madini: Kurefuka na Kupitisha

Wengi wetu tukiulizwa habari za joto katika madini kama chuma, shaba na alumini, huchanganya mambo mawili. Tumefundishwa kwamba madini yakipata joto hurefuka, tena kwamba madini hupitisha joto. Basi hudhani kuwa yale yapitishayo joto vizuri zaidi ndiyo yanayorefuka zaidi. Sivyo. Kila jambo lina sababu yake.

Kwanza, kurefuka. Atomu za ufito wa chuma hazitulii, bali hutetemeka mahali pake. Ufito ukipashwa moto, hutetemeka kwa nguvu zaidi na kutaka nafasi kubwa zaidi. Tukichukua fito nne zenye urefu wa meta 1, tukazidisha joto lake kwa digrii 100 za sentigredi, ule wa alumini utarefuka kama milimeta 2.3, wa shaba ya manjano 1.9, wa shaba nyekundu 1.7, na wa chuma 1.2.

Pili, kupitisha joto. Ndani ya madini zimo elektroni zisizofungwa na atomu moja. Hizo hukimbia huku na huko, nazo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya joto kutoka ncha iliyo motoni mpaka ile iliyo mkononi. Hapa shaba nyekundu ndiyo ya kwanza: hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma. Alumini hufuata, karibu mara 3, kisha shaba ya manjano, ambayo hukizidi chuma kidogo tu. Tazama basi: alumini huishinda shaba nyekundu kwa kurefuka, lakini hushindwa nayo kwa kupitisha joto.

Jambo hili la pili laweza kuonekana kwa macho. Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi aliyeishi miaka 1730 hadi 1799, alizipaka nta fito za madini mbalimbali, akazitia joto ncha moja. Ukijaribu hivyo, fito ziwe na unene mmoja, wala usifanye haraka. Usihukumu kwa nta inayoanza kuyeyuka mapema. Ngoja mpaka isiyeyuke tena, ndipo upime ni ufito gani ulioyeyusha nta mbali zaidi. Huo ndio upitishao joto vizuri kuliko mingine.

Lakini msidhani kwamba kurefuka kwa milimeta chache ni kitu kidogo. Reli ya chuma cha pua yenye urefu wa meta 12, joto lake likizidi kwa digrii 30, hurefuka milimeta 4 na zaidi kidogo. Ikizuiwa isirefuke, kila sentimeta mraba ya unene wake husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 700. Na reli ina sentimeta mraba makumi kadhaa. Ikishindwa kuvumilia, hupinda kando, na garimoshi likipita juu yake laweza kuanguka na kuua watu.

Ndiyo sababu njia ya reli iliyotoka Mombasa na kufika Kampala mwaka 1931 iliachiwa nafasi ndogo kila reli mbili zilipokutana. Siku hizi katika nchi nyingi reli huchomelewa ziwe moja ndefu bila nafasi. Hizo hufungwa zikiwa na joto la kadiri, si la baridi kali wala la jua kali, kisha hushikwa imara kwa mataruma na kokoto.

Basi, wenzangu, swali la joto likija katika mtihani, tuulize kwanza: ni la kurefuka au la kupitisha? Reli hupinda kwa sababu ya lile la kwanza. Mpini wa kikaango hufanywa wa mti kwa sababu ya lile la pili. Ajibuye moja kwa sababu ya jingine hukosa alama, hata kama hesabu yake ni sahihi.