KUPONA BAADA YA UPASUAJI WA TITI: MSAADA WA MGONJWA KWA MGONJWA MWENZAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa utulivu, na kuwafikishia jamaa zao ambao hawatapata nafasi ya kuyasoma. Maelezo yanamhusu mwanamke aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya saratani ya matiti, ama kwa kuondolewa titi, ama kwa kutengenezewa titi jipya mahali pa lile lililoondolewa. Hospitali humlaza kwa siku chache tu. Sehemu iliyobaki ya kupona, ambayo ndiyo ndefu, huipitia nyumbani, kazini na mbele ya majirani. Huko ndiko wagonjwa wenzake waliotangulia wanakoweza kumfaa kwa namna ambayo hata daktari hawezi.

Mfano tuliouchukua ni wa kata ya Nyantakara, wilayani Biharamulo, Mkoa wa Kagera, pamoja na wilaya jirani ya Ngara. Msomaji wa Visiwani asistaajabu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wamevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa wa Biharamulo naye alikuwa na maji yake ya kuvuka, kwani njia ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza, ilipita Geita na Sengerema hadi Busisi, na hapo abiria walisubiri pantoni. Mwezi Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na kungoja huko kukaisha. Hata hivyo, mgonjwa anaporudi kijijini na kidonda kifuani, bado hurudi mahali ambapo pengine hapana mwingine ayajuaye yaliyomfika.

UKUBWA WA JAMBO LENYEWE

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume pia huupata, ingawa ni kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa mia. Nchini Tanzania ni saratani ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya 3 au ya 4.

Sababu za kuchelewa ni nyingi: umbali, gharama, kutokujua, na uvimbe ambao mwanzoni aghalabu hauumi. Lakini ipo pia hofu ya kukatwa titi. Mwanamke huhofia kwamba mume atamwacha, kwamba watu watamnyooshea kidole, kwamba hatakuwa mwanamke tena. Hofu hiyo huwafanya wengine wauguse uvimbe kila siku na wasimwambie mtu. Kwa hiyo namna tunavyomtendea aliyekwisha kufanyiwa upasuaji si jambo lake peke yake. Wanawake wengine wa kijiji hutazama. Wakimwona amepona, anakwenda sokoni na kuheshimiwa, atakayehisi uvimbe mwaka ujao atakwenda zahanati mapema. Wakimwona amefichwa ndani, atanyamaza.

NAMNA ZA UPASUAJI

Wagonjwa wengi wa sehemu zetu huondolewa titi lote, mara nyingi pamoja na tezi za kwapani, na hukomea hapo. Upasuaji wa kutengeneza titi upya upo, lakini hufanywa katika hospitali chache kubwa zenye mabingwa wa upasuaji rekebishi. Hufanywa kwa njia kuu mbili.

(a) Kwa nyama ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Daktari huchukua ngozi, mafuta na pengine msuli kutoka mgongoni au chini ya tumbo, akaumba titi kifuani. Njia ya mgongoni ilielezwa kwanza na Mwitalia Iginio Tansini mwaka 1906, na ile ya tumboni ilienea baada ya mwaka 1982.

(b) Kwa kifuko cha silikoni, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwekwa mwaka 1962 mjini Houston, Marekani. Pengine hutangulia kifuko kitupu ambacho hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili ngozi itanuke.

Titi jipya hurejesha umbo. Halinyonyeshi, na hisia zake hazirudi kama zamani. Kazi hii huweza kufanywa siku ile ile ya kuondoa titi, au baada ya miezi na hata miaka, hasa pale ambapo mgonjwa anahitaji matibabu ya mionzi. Kulitaka titi jipya si anasa, na kutolitaka si uzembe. Uamuzi ni wa mgonjwa, baada ya kuelezwa faida na madhara.

MWILI UNAVYOPONA

Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mrija mmoja au zaidi wa kutoa majimaji, ulioungwa na chupa ndogo. Majimaji hupimwa na kuandikwa kila siku. Kwa kawaida mrija huondolewa yanapopungua chini ya mililita 30 kwa siku. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani na mrija wake awe na daftari na kalamu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa.

Mkono wa upande uliopasuliwa hukakamaa usipotumiwa. Siku za mwanzo mgonjwa hufumba na kufumbua kiganja, hukunja kiwiko, na hujaribu kuchana nywele zake mwenyewe. Baadaye, daktari akisharuhusu, husimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kila siku juu kidogo kuliko jana. Aliyetengenezewa titi jipya asikimbilie kuinua mkono juu ya bega mpaka aambiwe. Aliyechukuliwa nyama ya tumbo hutembea ameinama kwa siku kadhaa na hulala amekunja magoti, ili mshono usivutwe.

Kwa muda wa wiki 6 hivi, na zaidi kwa aliyepasuliwa tumbo, hapana kuinua vitu vizito. Jambo hili ni rahisi kuandikwa na gumu kutekelezwa. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mama wa Nyantakara huibeba kichwani huku ameishika kwa mkono. Kuna kuni, kuna jembe, kuna mihogo ya kumenya na mtoto wa mgongoni. Ikiwa hapana wa kumchotea maji, agizo la daktari litavunjwa siku ya pili baada ya kufika nyumbani.

Aliyeondolewa tezi za kwapani huweza kuvimba mkono, hata miaka mingi baadaye. Basi aukinge mkono huo na majeraha, avae glavu anapolima au kukata majani, aoshe kila mkwaruzo kwa maji safi na sabuni, na aende kituo cha afya mara aonapo uvimbe, wekundu au joto.

Dalili zifuatazo hazingoji siku ya miadi:
1. Homa ya nyuzi 38 au zaidi.
2. Usaha, harufu mbaya, au wekundu unaoenea kwenye kidonda.
3. Titi jipya kuwa la baridi, au kugeuka rangi likawa la buluu au jeusi.
4. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla.

WALIOTANGULIA

Yapo maswali ambayo mgonjwa hamwulizi daktari. Je, nitaoga vipi bila kujitazama? Chupa ya majimaji niifiche wapi nikitembelewa na wakwe? Nitamwonesha mume wangu kovu lini, na nianze vipi? Kwa nini nahisi titi linawasha ilhali halipo? Daktari anaweza kuyajibu, lakini mgonjwa huona haya, na foleni ni ndefu. Mama aliyepitia hayo miaka mitatu iliyopita huyajibu kabla hajaulizwa. Hufungua kanga yake kidogo akasema, “Langu hili hapa, mwenzangu. Tazama.” Mara nyingi huo ndio mwanzo wa kupona.

Fikra hii ina historia. Mwaka 1952 Bibi Terese Lasser wa New York aliondolewa titi, akaona kwamba hapana aliyemweleza namna ya kuishi baada yake. Akaanza kuwatembelea wagonjwa wapya hospitalini, akiwachukulia kamba na mpira mdogo wa kufanyia mazoezi ya mkono pamoja na titi bandia la muda. Madaktari wengine walimwona msumbufu. Mwaka 1969 Jumuiya ya Saratani ya Marekani iliupokea mpango wake, nao ukaenea katika nchi nyingi.

Karibu na kwetu, wanawake wa Uganda waliopona saratani waliunda mwaka 2004 jumuiya yao iitwayo UWOCASO, ili kuwafariji na kuwaelekeza wenzao. Nchini Rwanda, ng’ambo ya mpaka wa Rusumo unaopakana na Ngara, Bibi Philippa Kibugu-Decuir, ambaye naye aliugua saratani ya matiti, aliasisi jumuiya ya kupambana na ugonjwa huo. Tanzania nayo ina taasisi ya wananchi ya saratani ya matiti, na Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilianzisha mwaka 2005 kampeni ya kuwapima wanawake matiti hadharani.

Liko pia jambo dogo lenye manufaa makubwa, nalo ni titi la kufuma. Tangu mwaka 2011 Bibi Barbara Demorest wa Marekani, aliyeondolewa titi mwenyewe, amekuwa akieneza matiti bandia yanayofumwa kwa uzi laini na kujazwa pamba nyepesi. Huwekwa ndani ya sidiria, hufuliwa na kuanikwa. Mwanamke ajuaye kufuma vitambaa vya makochi anaweza kulitengeneza. Kwa yule ambaye upasuaji wa kutengeneza titi hauko karibu naye, au hautaki, hilo humwezesha kuvaa gauni lake la Jumapili au la Iddi bila wasiwasi. Lisivaliwe juu ya kidonda kibichi.

MIPAKA YA MSAADA HUU

Kundi la wagonjwa halihitaji jengo wala fedha nyingi. Wawili wanatosha kuanza. Lakini linahitaji adabu zake:

(a) Siri ya mgonjwa itunzwe. Linalosemwa kikundini lisifike kisimani.
(b) Mwenye kutembelea asikilize zaidi ya kusema. Asitishe kwa habari za waliokufa, wala asiahidi kwamba kila mtu atapona.
(c) Asigawe dawa, wala asimshauri mgonjwa kuacha mionzi, dawa za saratani au vidonge vya miaka mingi. Ganzi ya uchungu ikiisha na kidonda kikikauka, wengine hudhani kazi imekwisha. Mwenzao ndiye wa kuwakumbusha tarehe ya kurudi hospitali.
(d) Aliye na huzuni isiyoisha, asiyelala wala kula, apelekwe kwa mtaalamu.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya. Mganga au mhudumu wa afya ya jamii huwajua waliofanyiwa upasuaji katika eneo lake. Kwa ridhaa ya wote wawili, na si kabla ya ridhaa hiyo, anaweza kuwakutanisha.

WAAJIRI, WAUME NA MAJIRANI

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na Watumishi wa Serikali wanazo kanuni zao za utumishi, hivyo kila mmoja aulize kwa ofisa utumishi wake mapema. Mkuu wa kazi anayempokea mtumishi aliyerudi ampunguzie mizigo na safari kwa wiki za mwanzo, na asitangaze maradhi yake ofisini.

Mume asingoje kuombwa. Awepo siku bandeji inapofunguliwa, ikiwa mkewe ataridhia, na aulize kwa mganga asichokijua. Majirani wanaoleta pole walete na ndoo ya maji. Wazee nao wawakanye wanaosema kwamba ugonjwa huu ni laana au kwamba huambukiza. Hauambukizi, kwa kugusana, kula pamoja wala kulala pamoja.

Mwanamke yeyote atakayeona uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, au ngozi kuvutika kama ganda la chungwa, aende kituo cha afya kilicho karibu naye bila kungoja maumivu. Na aliyekwisha kupona, akiwa Nyantakara, Ngara, Unguja au Pemba, anaombwa ajitaje kwa mganga wake, kwani huenda yupo mwenziwe jirani ambaye tangu ametoka hospitali hajazungumza na mtu.